Maua au nyua?

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi nauza magazeti hapa Moshi, mwendo wa dakika mbili kutoka mnara wa saa. Chemshabongo ya kila siku naijaza kabla jua halijakolea, ila siijazi kwenye gazeti. Gazeti lisilouzika hurudishwa kwa wakala jioni, na likiwa na hata alama moja ya kalamu halipokelewi, hasara inakuwa yangu. Kwa hiyo huwa nalinakili jedwali zima kwenye daftari la hesabu lenye miraba, penseli mkono wa kulia, kifutio mkono wa kushoto. Madaftari hayo sasa ni thelathini na moja. Ukichora kila kisanduku kwa mkono wako unaona vizuri mahali mtunzi alipohangaika na mahali aliposinzia, na ndiyo maana mhariri alinikabidhi safu hii. Barua za mwezi huu nyingi zimeachwa mezani pangu, mbili zimeandikwa nyuma ya tiketi za basi. Nazijibu.

*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tumenuniana tangu Jumatatu. Chemshabongo ya gazeti ninalokuletea ilisema, wima namba 9: "Wingi wa ua", herufi nne. Mimi niliandika MAUA, yeye akashikilia NYUA. Kesho yake jibu likatoka MAUA. Yeye anasema gazeti limekosea, mimi nasema akubali kushindwa. Tuamulie. (Mama wa watoto wawili, Pasua)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekaa na jedwali lenu jioni nzima, nimelichora upya kwenye daftari, na nasema hivi: mume wako hakushindwa. Ua la bustani, wingi wake ni maua. Ua wa kuzungushia nyumba, wingi wake ni nyua. Yote mawili yamo kamusini na yote mawili yana herufi nne. Dokezo halikusema ni ua gani.

Sasa tazama hilo jedwali. Kazi ya visanduku kukutana ni kumwamulia mjazaji pale dokezo linapoacha njia mbili. Neno lenu la wima 9 linakutana na neno jingine mara moja tu, kwenye herufi ya mwisho, na neno lenyewe ni TAA. Herufi ya mwisho ya maua ni A. Herufi ya mwisho ya nyua ni A. Hata ya tatu zinafanana, zote U. Mtunzi amechagua mahali ambapo makutano hayasaidii chochote, akawaacha njia panda, kisha kesho yake akatoa jibu kama vile lilikuwa wazi tangu mwanzo. Angelilisogeza neno safu moja tu, likakutana na jingine kwenye herufi ya kwanza, M au N ingemaliza ubishi kabla chai haijapoa. Au angeandika "Wingi wa ua la waridi", basi. Mimi nashika kanuni hii: neno likatizwe angalau kwenye nusu ya herufi zake. Neno la herufi nne lenye makutano moja ni nyumba yenye nguzo moja.

Wapo watakaosema kosa ni la Kiswahili kuwa na maneno yenye sura nyingi. Hapana, huo ndio utamu wenyewe. Paa ni la nyumba, paa ni mnyama, kupaa ni kwenda juu, na mvuvi humpaa samaki magamba. Kaa yuko ufukweni, kaa la moto liko jikoni, na mgeni huambiwa kaa. Nilipata kukutana na dokezo hili, herufi tatu: "Hulaliwa usiku, huvukwa mchana." Jibu ni MTO. Nilicheka peke yangu pale mezani, mteja akaniuliza kulikoni. Mtunzi yule alichukua maana mbili akazielekeza kwenye neno moja, nawe ukilipata huna shaka hata kidogo. Wa kwenu alichukua dokezo moja akaliacha liende kwenye maneno mawili. Huo si ugumu, ni uzembe, na mtu aliyetoa pesa yake kununua gazeti hastahili kufanyiwa hivyo.

Kuhusu mambo ya namna hii nimekwishamwandikia mhariri wa gazeti hilo barua mbili, sijajibiwa. Ya tatu inaondoka wiki hii ikiwa na jedwali lenu ndani. Nanyi mmalizane, mezani kila mmoja ana alama yake.

*

SWALI: Mama, mimi ni dereva wa boda kijiwe cha Majengo. Mzungu mmoja niliyemshusha hotelini aliniachia gazeti la Marekani lenye chemshabongo. Visanduku vyeusi ni vichache sana, maneno yamebanana kama abiria wa Hiace. Zetu mbona zina weusi kila mahali? Watunzi wetu ni wavivu?

JIBU: Hapa nawatetea watunzi. Weusi ule unaletwa na lugha yenyewe.

Katika jedwali la Kimarekani kila herufi inatumika mara mbili, kwenye neno la mlalo na kwenye neno la wima. Maneno ya Kiingereza huishia na herufi yoyote: t, d, n, s, k. Maneno yetu huishia na irabu. Sasa fikiria mstari wa chini kabisa wa jedwali. Kila neno la wima linaloshuka mpaka pale linaweka herufi yake ya mwisho, yaani a, e, i, o au u. Ukitaka mstari ule usomeke wote kwa mlalo, inabidi uwe na neno la irabu tupu. Na si mstari wa chini pekee, kila herufi iliyokaa juu ya kisanduku cheusi ina sharti hilohilo, na kila iliyo upande wa kushoto wa kisanduku cheusi vilevile.

Nilijaribu mwenyewe kwenye daftari, miraba mitatu kwa mitatu bila weusi. Ilinichukua asubuhi mbili. Nilipata hii:

J U A
U S O
A O E

Soma kulia: jua, uso, aoe. Soma chini: jua, uso, aoe. Ule mstari wa mwisho ndio ulionitoa jasho, maana neno la irabu tatu lazima ulitafute kwenye vitenzi: aoe, uoe, aue, uue. Ukienda miraba minne kwa minne unahitaji neno la irabu nne, na la kumwekea mtu mbele bila kuona haya bado sijalipata. Kwa hiyo watunzi wetu hutumia jedwali la mtindo wa Uingereza, la kimiani, ambapo herufi moja inakutana na inayofuata imeachwa huru. Weusi ndio unaoyapa maneno yetu nafasi ya kuishia vizuri.

Kuna mlango mdogo wa kutokea, maneno machache yanayoishia na konsonanti: takriban, hususan, mathalan, Dar es Salaam. Ukiliona TAKRIBAN pembeni mwa jedwali, ujue mtunzi alibanwa. Silichukii, lakini likirudi kila wiki linachosha.

Ila hilohilo la irabu likugeuzie faida unapojaza. Dokezo likiwa la kitenzi chenye asili ya Kibantu, weka A mwishoni kwa penseli hata kabla hujajua neno. Likinusa Uarabuni, subiri: jibu, rudi, samehe, sahau, kila moja lina mkia wake. Na jibu la dokezo la mtu mmoja huanza na M mara nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Nikiwa na foleni ya wateja, hivyo vipande viwili hunipa robo ya jedwali.

*

SWALI: CH ni kisanduku kimoja au viwili? Na kile kialama cha ng' kinakaa wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Njoro)

JIBU: Viwili. Herufi moja, kisanduku kimoja, hivyo CHAI ni visanduku vinne. Kialama hakina kisanduku, ila mimi humtaka mtunzi akitaje kwenye dokezo, kwa sababu NGOA na NG'OA ukiviandika kwenye visanduku huwezi kuvitofautisha, na anayelia ngoa ana wivu, hajang'oa kitu.

*

SWALI: Nafundisha sekondari hapa Arusha na nimezoea chemshabongo za Kiingereza za mafumbo, zile ambazo dokezo linasema jambo moja juu na jingine chini. Je, mama, Kiswahili kinaweza? Wenzangu ofisini wanasema hakiwezi, eti chetu ni cha "kinyume cha mrefu" na "mji mkuu wa Uganda" tu.

JIBU: Mwalimu, swali hili nimelingoja miaka.

Kwanza kwa wasomaji wasiozijua. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1920, kuna chemshabongo ambazo kila dokezo lina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja. Moja inatoa maana ya jibu, nyingine inakuonyesha jinsi ya kulijenga kwa herufi zake, na mshono wenyewe umefichwa. Aliyezipandisha ukali ni Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, jina la hakimu wa mateso wa Uhispania. Aliyemrithi, D. S. Macnutt, alijiita Ximenes, naye alisisitiza kwamba mtunzi awe mkali apendavyo lakini awe wa haki. Neno hilo la haki ndilo ninalolipigania kwenye safu hii kila mwezi.

Wenzako wanaosema Kiswahili hakiwezi, waulize kama utotoni hawakuwahi kuzungumza kinyume. Sisi tulizungumza ili wakubwa wasituelewe: silabi ya mwisho unaileta mbele, unaenda hivyo mpaka ulimi unazoea. Kiswahili ni lugha ya silabi zilizo wazi, kila moja inashika mkono wa nyingine bila kukwaruzana. Mwingereza huvuruga herufi. Sisi tugeuze silabi. Nimetunga hizi, zijaribu na wenzako, zote za herufi nne:

"Lima, kisha geuza, upate utajiri."
"Paka kageuka, nimetoka mikono mitupu."
"Sina, lakini nikigeuka tuko pamoja."
"Kazi ikipinduka, huishia makaburini."

Nilipoichapa ile ya kwanza kwenye kipande cha boksi na kukining'iniza mezani, muuguzi mmoja aliyekuwa anatoka zamu ya usiku alisimama na mfuko wake wa mboga, akasema kwa sauti "li-ma, ma-li!" na watu wawili waliokuwa wakisoma vichwa vya habari bila kununua wakageuka kumtazama. Ona jinsi dokezo lilivyo kamili: "lima" ni malighafi, "geuza" ni amri, "utajiri" ni maana. Hakuna neno la ziada, na sentensi yenyewe ni wosia ambao mzazi yeyote wa mlimani angeweza kumpa mwanawe. Ya pili ni KAPA, kama anayetoka kapa kwenye mchezo. Ya tatu NASI. Ya nne ZIKA.

Halafu tuna vitendawili. Kitendawili ni dokezo lililokomaa: kinaeleza kitu kwa sura ya kitu kingine na kinakuachia upenyo. Kinachotukwamisha ni mazoea. Mtunzi anayepewa nusu saa na malipo ya nauli ataandika "mji mkuu wa Uganda" kila siku, na mhariri ataipokea. Nakuomba, mwalimu, uwape wanafunzi wako kazi ya kutafuta maneno yanayogeuka na kubaki na maana. Kata inatoa taka. Waka inatoa kawa, kile kifuniko cha ukili cha chakula. Watakuletea mengine ambayo mimi sikuyafikiria, na nitayachapa hapa.

*

SWALI: Ni kweli chemshabongo ilianzishwa na majasusi wakati wa vita? Tumebishana kwenye gahawa. (Wazee watatu, sokoni)

JIBU: Shikamooni. Hapana, ilianzia gazetini. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, aliitoa katika gazeti la New York World Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913. Ilikuwa mraba uliosimama kwa kona yake, na katikati palikuwa wazi. Mwaka 1924 ikatoka kwenye kitabu kilichouzwa na penseli yake, nchi nzima ikapagawa.

Lakini ubishi wenu una mzizi. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la London liliita watu wajaze chemshabongo kwa dakika 12, na baadhi ya walioweza wakaitwa baadaye kufanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani huko Bletchley Park. Halafu mwezi Mei 1944, wiki chache kabla majeshi ya Marekani na Uingereza hayajashuka Normandy, pwani ya Ufaransa, majibu ya chemshabongo za gazeti hilohilo yakaanza kutoa majina ya siri ya uvamizi: Utah, Omaha, Overlord, Mulberry. Tarehe 1 Juni likafuata Neptune. Mtunzi alikuwa Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule. Watu wa usalama walimhoji wakamwachia. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alisema mwalimu alikuwa akiwapa wao kazi ya kujaza maneno kwenye jedwali, na wao waliyaokota kwa askari waliopiga kambi jirani. Kwa hiyo aliyesema "majasusi" na aliyesema "gazeti" wote wanunuliwe kahawa, na aliyesema "Wajerumani" alipe.

*

SWALI: Mama, mwezi uliopita uliandika "Mlima wenye kilele cha Uhuru (4)", jibu KIBO. Mimi ni mpagazi, Marangu, nimepanda tangu 2008. Mlima ni Kilimanjaro. Kibo ni kimojawapo cha vilele vitatu.

JIBU: Umenipata, na nakubali bila kujitetea. Mlima ni Kilimanjaro, una Kibo, Mawenzi na Shira, na Uhuru ni sehemu ya juu kabisa ya ukingo wa Kibo, mita 5,895. Dokezo sahihi lingekuwa "Uhuru uko juu yake". Walioandika KIBO na waliokataa kuandika chochote, wote nimewapa alama. Ahsante kwa kuniandikia kutoka huko juu, na tafadhali endelea kunikagua.

*

SWALI: Shikamoo. Baba yangu alijaza chemshabongo kila siku tangu nikiwa mdogo. Presha ya macho imemnyang'anya uwezo wa kuona. Sasa anakaa kimya tu barazani. Je, inawezekana kumchezesha mtu asiyeona? (Binti, Rau)

JIBU: Inawezekana, na usingoje Jumamosi, anza leo jioni.

Nina mteja mzee, alikuwa na kihamba, shamba la ukoo la kahawa, huko Kibosho, sasa anakaa mjini kwa mwanawe, na haoni kabisa. Huletwa mezani kwangu na mjukuu, namvutia kreti la soda akae. Mwanzoni nilimsomea dokezo na idadi ya herufi tu, akachoka haraka, kwa sababu kukumbuka ni wapi herufi zimeshaingia ni mzigo mzito kuliko kutafuta neno. Ndipo tukaingiza vizibo vya soda. Neno la herufi tano, namwekea vizibo vitano kwenye mstari. Kisanduku kitupu, kizibo kinalala kifudifudi, mgongo laini juu. Herufi ikishapatikana, nakigeuza, meno juu, na namtajia herufi ile mara moja. Yeye hupitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia: laini, laini, meno, laini, meno. Neno analiona kwa ncha ya kidole.

Msomee dokezo kama lilivyoandikwa, usilifafanue, maana ukilifafanua unamnyima mchezo. Usimtajie jibu hata akikaa kimya muda mrefu. Mimi huuza magazeti wakati yeye anafikiri, na kimya chake kile ni cha mtu aliye kazini. Na mpe makutano kwanza: anza na maneno unayoyaweza wewe, ili anapofika yeye kuwe na meno kwenye mstari. Yakimzidi, mruke, mrudie kesho. Hulipwi kwa kumaliza.

Jumamosi iliyopita tulibakiwa na neno moja. "Ndege mkubwa asiyeruka", herufi tano, ya tatu U, ya mwisho I. Nilipanga vizibo. Alipitisha kidole mara tatu, akasimama kwenye kile cha tatu, akakigonga kidogo. Kisha akasema, "Andika mbuni, mama. Na mwambie mwandishi, mbuni wangu mimi ulikuwa na majani na matunda mekundu, na ndio ulionilipia ada za watoto watano."